Sotoka, Unyanjano na Kifuta Jasho: Hasara ya Shamba na Mkono wa Serikali katika Karagwe na Kyerwa

Karagwe na Kyerwa, zilizokuwa wilaya moja hadi mwaka 2012 Kyerwa ilipoanza kujitegemea, ziko mkoani Kagera, katika pembe ya kaskazini-magharibi ya Tanzania, na Mto Kagera huzitenga na Rwanda upande wa magharibi na Uganda upande wa kaskazini. Ni nchi ya vilima inayopata mvua za misimu miwili kwa mwaka, na kilimo chake kimejengwa juu ya kibanja, yaani shamba la kudumu linaloizunguka nyumba, ambamo migomba, mibuni na maharagwe hukua pamoja chini ya kivuli kimoja na kurithiwa kutoka kizazi hadi kizazi. Anayefuatilia namna dola zilizofuatana katika nchi hii zilivyoshughulikia hasara za mashamba hayo hukuta mwenendo uliobadilika kidogo kuliko majina ya watawala: serikali imekuwa nyepesi kumpelekea mkulima amri, gunia la nafaka au mche mpya, na nzito kumlipa fedha kwa ajili ya shamba lake mwenyewe lililoharibika, na pale ilipokubali kulipa ilihakikisha kwamba malipo hayo hayahesabiwi kuwa deni.

Sababu mojawapo ya uzito huo ni kibanja chenyewe. Shamba la mahindi la mikoa ya kati huanguka lote kwa ukame wa msimu mmoja, na njaa yake huonekana barabarani. Kibanja hakianguki hivyo. Mvua ikichelewa, mikungu huwa midogo lakini haikosekani. Maharagwe yakishindwa, hubaki mihogo iliyopandwa pembezoni. Bei ya kahawa ikishuka, hubaki ndizi za kupika na zile za kukamuliwa rubisi, pombe ya ndizi iliyozoeleka katika sherehe na magulio ya huko. Kwa Wanyambo, wenyeji wa nchi hii, kibanja kilikuwa ghala na bima kwa wakati mmoja, na kwa muda mrefu maofisa waliotazama Kagera kutoka mbali waliamini kwamba watu wenye migomba hawafi njaa. Imani hiyo ilikuwa na ukweli ndani yake, ndiyo maana ilidumu, na ndiyo maana pia mapigo ya polepole, yale yanayokila kibanja shina baada ya shina, yalichelewa kutambuliwa kuwa maafa.

Pigo la kwanza kubwa linalofahamika kwa maandishi lilianzia zizini. Ufalme wa Karagwe, uliotawaliwa na ukoo wa Wahinda na kufikiwa na mpelelezi John Hanning Speke mwishoni mwa mwaka 1861 wakati wa Omukama, yaani mfalme, Rumanyika, ulikuwa na utajiri wa ng'ombe uliowashangaza wageni, na ng'ombe hao ndio waliokuwa msingi wa mahusiano ya utawala: omukama aligawa mifugo kwa waliomtumikia, na aliyefikwa na msiba alitazamia kupata mnyama wa kuanzia upya kutoka kwa mkubwa wake. Mwanahistoria Israel Katoke, katika kitabu chake cha mwaka 1975 kuhusu ufalme huo, ameonyesha jinsi mamlaka ya Wahinda yalivyofungamana na mifugo. Sotoka, ugonjwa wa virusi ulioteketeza ng'ombe wa Afrika Mashariki karibu na miaka ya 1890 na 1891, uliwafilisi walioathirika na pia yule aliyepaswa kuwasaidia, kwa kuwa zizi la omukama lilikuwa tupu sawa na la mtu wa chini. Ndui na njaa zilifuata, ufalme uliokuwa tayari umegawanyika kwa ugomvi wa urithi ukadhoofika zaidi, na Wajerumani waliofungua kituo chao Bukoba mwishoni mwa mwaka 1890 walikuta nchi isiyo na nguvu ya kuwapinga.

Matokeo ya sotoka yalizidi vifo vya ng'ombe. Malisho yasipolishwa hugeuka kichaka, na kichaka hukaribisha mbung'o, inzi anayeambukiza nagana kwa mifugo na malale kwa binadamu. Katika miongo iliyofuata watu walihama maeneo mapana upande wa bonde la Kagera na upande wa Ziwa Burigi, wakabanana kwenye safu za vilima ambako vibanja viliweza kustawi, na nchi waliyoiacha ikawa ya wanyama. Humo ndimo baadaye yalimotengwa mapori ya akiba ya Ibanda, Rumanyika Orugundu na Burigi. Ni vema jambo hili likumbukwe, kwa kuwa mpaka uliochorwa kufuatana na janga la miaka ya 1890 ndio unaoamua leo nani alipwe na nani asilipwe tembo wanapoingia shambani.

Utawala wa Waingereza, ulioichukua nchi baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ulikuja na falsafa iliyo wazi kuhusu njaa: kuzuia ni bora kuliko kulisha, na kuzuia hufanywa kwa amri. Sheria ya Mamlaka ya Wenyeji ya mwaka 1926 iliwapa watawala wa jadi uwezo wa kuwalazimisha raia kupanda mazao ya akiba, hasa mihogo, na kulima kwa namna iliyoelekezwa. Chakula cha msaada kilipotolewa, mara nyingi mpokeaji alitakiwa kukirudisha kwa fedha au kwa kazi za umma. Utaratibu huohuo ulihamishiwa kwenye kahawa. Wadudu na uchakavu wa mashamba vilipotishia zao hilo katika wilaya ya Bukoba, ambayo wakati huo ilijumuisha Karagwe, serikali ilitunga kanuni za kuwalazimisha wakulima kulisafisha shamba na kulitandaza nyasi, bila kuwapa malipo yoyote kwa nguvu kazi hiyo, na mwaka 1937 wakulima wa Bukoba walizipinga kanuni hizo kwa vurugu zilizoitia hofu serikali. Walichokataa si usafi wa shamba; mkulima wa kibanja hahitaji kufundishwa kutandaza nyasi. Walikataa kubebeshwa peke yao gharama ya kulinda zao ambalo ushuru wake uliwanufaisha wengi.

Chama cha ushirika kilipoanzishwa mwaka 1950 kwa jina la Bukoba Native Cooperative Union, wakulima wa kahawa walipata kwa mara ya kwanza chombo chao cha kuhimili mtikisiko wa bei. Chombo hicho hakikuachwa kikomae. Serikali huru ilivunja vyama vikuu vya ushirika mwaka 1976, ikavirejesha kwa sheria ya mwaka 1982, na mwaka 1990 Karagwe ikapata chama chake, Karagwe District Cooperative Union, kinachojulikana zaidi kwa kifupi KDCU. Katika mapengo hayo mkulima aliyepatwa na shida alirudi kwenye butura, yaani kuuza kahawa ingali maua au mbichi mtini kwa bei ya chini sana ili apate fedha ya ada, matibabu au mazishi. Viongozi wa kila awamu wameipiga marufuku biashara hiyo na kuikemea kama unyonyaji, na ni unyonyaji kweli. Lakini ikitazamwa kwa jicho la historia, butura ndiyo iliyokuwa mfuko wa maafa uliofika haraka kuliko wowote mwingine, siku ileile ya shida, bila kamati.

Kuna mfuko mwingine uliohusu kahawa ambao wakulima wengi wa Karagwe hawakupata kuusikia jina lake. Mkataba wa Lomé, uliotiwa saini Februari 1975 kati ya Jumuiya ya Ulaya na nchi 46 za Afrika, Karibiani na Pasifiki, uliunda utaratibu ulioitwa Stabex, ambao kazi yake ilikuwa kufidia mapato ya mauzo ya nje ya mazao yalipoporomoka chini ya wastani wa miaka iliyotangulia, iwe kwa sababu ya bei au kwa sababu ya ukame na magonjwa. Kwa maneno mengine, ilikuwa fidia ya hasara ya kilimo, iliyokokotolewa kwa takwimu za forodha, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizolipwa kwa ajili ya kahawa. Aliyelipwa, hata hivyo, alikuwa serikali. Hasara ilitokea kwenye kibanja cha Nyaishozi au Nkwenda kama ilivyotokea kwenye miteremko ya Kilimanjaro, na malipo yakaingia kwenye hesabu za taifa, ambako yaligawanywa kwa ajili ya miradi ya sekta nzima. Sehemu yake ilisaidia kuanzisha Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania, TaCRI, iliyosajiliwa mwaka 2000 na kuanza kazi mwaka 2001, yenye kituo chake cha Kagera huko Maruku.

Haitakuwa haki kuubeza uamuzi huo. Mwaka 1997 mnyauko fusari, ugonjwa wa kuvu unaoziba mishipa ya maji ya mbuni na kuukausha mti mzima, ulithibitishwa kuingia Kagera kutoka Uganda, na ulishambulia robusta, aina ya kahawa inayolimwa zaidi Karagwe. Dhidi ya ugonjwa usio na dawa, mche wenye ukinzani una thamani kuliko fedha taslimu, na bila taasisi ya utafiti mche huo usingepatikana. Lakini kuipata aina yenye ukinzani ni kazi ya miaka mingi ya uchunguzi na uzalishaji, na mbuni mpya huchukua takriban miaka mitatu kabla ya kuzaa. Katika kipindi hicho bei ya kahawa duniani ilishuka mno, hasa mwaka 2001, na wako waliong'oa mibuni wakapanua migomba au maharagwe. Fidia ilimfikia mkulima katika umbo la mche, lakini aliyeupokea mara nyingi hakuwa yule aliyepata hasara, alikuwa mwanawe.

Wakati huohuo Karagwe ilikuwa ikipona kutokana na jambo la aina nyingine kabisa. Mauaji ya kimbari ya Rwanda yalipoanza Aprili 1994, watu wanaokaribia robo milioni walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara ndani ya takriban saa 24, na katika miezi iliyofuata makambi yalifunguliwa pia Karagwe, yakiwamo ya Kagenyi na Rubwera katika eneo ambalo sasa ni Kyerwa. Kuni zilikatwa kilometa nyingi kuzunguka makambi, mifugo iliyovushwa na wakimbizi iliingia mashambani, na mikungu ilivunwa usiku na watu wasioipanda. Hata hivyo, hesabu ya hasara haikuwa ya upande mmoja. Mahindi ya Shirika la Mpango wa Chakula Duniani yalivuja kutoka makambini na kubadilishwa kwa ndizi na mihogo, bei za vyakula vya wenyeji zikapanda, na mwenye kibanja kikubwa aliweza kuajiri vibarua kwa ujira mdogo na kupanua shamba kuliko alivyowahi kuota. Mtafiti Beth Elise Whitaker, aliyechunguza jamii za magharibi mwa Tanzania katika kipindi hicho, alionyesha kwamba mizigo na manufaa ya ujio wa wakimbizi viligawanyika kufuatana na uwezo ambao kaya ilikuwa nao tangu awali: mwenye nacho alinufaika, na mjane mwenye robo ekari kando ya kambi alipoteza.

Serikali ya Tanzania na wahisani waliitikia kwa kuiona hasara hiyo kama ya eneo, si ya mtu. Kulikuwa na mpango maalumu wa maeneo yaliyoathiriwa na wakimbizi, na chini ya mwavuli wa misaada ya aina hiyo barabara zilikarabatiwa, visima vikachimbwa, madarasa na zahanati vikaboreshwa, na miche ya miti ikagawiwa. Wakimbizi walitakiwa kuondoka ifikapo Desemba 31, 1996, wakaondoka, na miundombinu ikabaki. Mantiki ya kiutawala inaeleweka: kuthamini mikungu iliyoibwa kaya kwa kaya, miaka miwili baadaye, kungekuwa kazi isiyomalizika na yenye kukaribisha udanganyifu. Ila mantiki hiyo ina upande wake wa pili, kwamba barabara humfaa zaidi mwenye cha kusafirisha.

Unyanjano ndio uliouweka mwenendo huu wote mahali unapoonekana kwa karibu. Ugonjwa huo, uitwao pia mnyauko wa bakteria wa migomba, ulionekana Uganda mwaka 2001 na kuingia Kagera mwaka 2006 kupitia Muleba, kisha ukasambaa hadi Karagwe na Kyerwa. Majani hugeuka manjano na kulegea, ndizi huiva kabla ya wakati na bila mpangilio, zikikatwa hukutwa na madoa ya kahawia ndani, na shina likipigwa panga hutoka ute wa njano kama usaha. Bakteria hubebwa na nyuki na wadudu wengine wanaotembelea ua dume, ile sehemu ya zambarau inayoning'inia chini ya mkungu, na hubebwa vilevile na panga la mwenye shamba linalopita kutoka mgomba mmoja hadi mwingine. Kwa hiyo maelekezo ya maofisa ugani yalikuwa mawili: ua dume livunjwe kwa kijiti chenye panda mara tu kichana cha mwisho kinapotokeza, bila kutumia chuma, na panga lipitishwe motoni au lichovywe kwenye jiki baada ya kila shina. Shina lililoambukizwa liliagizwa kung'olewa pamoja na machipukizi yake yote na kuzikwa au kuozeshwa, na ardhi iachwe kwa miezi kadhaa bila migomba.

Ushauri huo ulikuwa sahihi kitaalamu, na mahali ulipofuatwa kwa pamoja ugonjwa ulipungua. Ulikuwa pia wa lazima: halmashauri na serikali za vijiji zilitunga sheria ndogo za kumtoza faini asiyeng'oa. Hapa mkulima alikuwa akiharibu mali yake kwa ajili ya usalama wa majirani, kwa amri ya mamlaka, na bila malipo. Ilitarajiwa kwamba angepewa au angetafuta miche safi. Aina chotara zilizoletwa na mradi wa maendeleo ya jamii Kagera uliofadhiliwa na Ubelgiji tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 zilikuwa zimesaidia dhidi ya magonjwa mengine na wadudu, lakini hakuna mgomba wa kupikia uliokuwa na kinga kamili dhidi ya unyanjano. Anayekumbuka kanuni za kahawa za miaka ya 1930 atatambua sura ya jambo, ijapokuwa safari hii hapakuwa na vurugu. Palikuwa na kung'oa kwa shingo upande, na pengine kuficha shina linaloumwa nyuma ya nyumba kwa matumaini kwamba litazaa mkungu mmoja zaidi.

Sheria za maafa hazikumsaidia mkulima huyu. Sheria ya Uratibu wa Misaada ya Maafa ya mwaka 1990 iliweka kamati ya kitaifa chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu, na Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2015, iliyofuatwa na nyingine mwaka 2022, ilishusha kamati hadi ngazi ya kijiji na kuanzisha mfuko. Lakini vyombo hivyo vimezoea tukio lenye tarehe. Tetemeko la Septemba 10, 2016 lilikuwa nayo. Lenye ukubwa wa 5.9, liliua watu wasiopungua 17 mkoani Kagera, wengi wao Bukoba, likabomoa nyumba hadi Karagwe na Kyerwa, na michango ikaanza kumiminika katika siku chache. Hata hapo kanuni ya zamani ilishika: kaya kadhaa zilipata vyakula, maturubai, mabati na saruji, lakini fedha zilielekezwa kwanza kwenye taasisi za umma kama vile shule na vituo vya afya, na Rais John Magufuli, alipozuru Bukoba mwanzoni mwa mwaka 2017, aliwaambia wananchi waziwazi kwamba serikali isingeweza kumjengea kila mtu nyumba. Kauli hiyo iliwaudhi wengi. Kwa upande wa historia, hata hivyo, haikuwa na jipya zaidi ya unyoofu wake.

Malipo pekee ya fedha taslimu ambayo sheria inayaelekeza kwa mwenye shamba kwa sababu ya uharibifu wa mazao yake yanatoka katika sheria za wanyamapori. Kanuni za mwaka 2011, zilizotungwa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, ziliweka kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kwa familia ya aliyeuawa na mnyama hatari, na kifuta jasho kwa aliyeharibiwa mazao au kuuliwa mifugo. Mwathirika hutoa taarifa kwa mtendaji wa kijiji, ofisa wanyamapori wa wilaya na mtaalamu wa kilimo hukagua, halmashauri hupeleka maombi Wizara ya Maliasili na Utalii, na malipo hurudi kwa njia hiyohiyo, mara nyingi baada ya misimu kadhaa. Viwango vya mwaka 2011 vilikuwa kati ya shilingi 25,000 na 100,000 kwa ekari, kwa ekari zisizozidi tano, vikipanda kadiri shamba linavyokuwa mbali na mpaka wa hifadhi, na shamba lililo ndani ya mita 500 kutoka mpaka halikustahili kitu. Nyani na ngedere, wanaomsumbua mkulima wa Kyerwa kila wiki, hawamo katika orodha ya wanyama hatari. Tembo, kiboko na nyati wamo.

Kipimo cha ekari kinastahili kuangaliwa kwa makini zaidi kuliko ukubwa wa kiwango. Kinafaa kwa mahindi, ambayo hupandwa na kuvunwa ndani ya msimu mmoja, lakini kibanja kikikanyagwa na tembo hupotea mashina ambayo yangeendelea kuchipua kwa miongo. Serikali inajua kuhesabu kwa njia nyingine. Inapotwaa ardhi kwa ajili ya barabara, Sheria ya Ardhi na ile ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999, huitaka ilipe fidia kamili, ya haki na ya haraka, na mthamini huingia kwenye kibanja na kuhesabu mgomba mmoja mmoja na mbuni mmoja mmoja, akitofautisha mchanga na unaozaa. Tofauti ya hesabu hizi mbili inatokana na msimamo wa kisheria: katika utwaaji serikali ni mnunuzi mwenye deni, katika kifuta jasho ni mfariji.

Mwaka 2019 mapori ya Ibanda na Rumanyika Orugundu yalipandishwa hadhi kuwa Hifadhi za Taifa za Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe, na Burigi ikaunganishwa na mapori jirani kuwa Burigi-Chato, zote zikikabidhiwa kwa Shirika la Hifadhi za Taifa, TANAPA. Ulinzi uliimarishwa, na ulinzi ukiimarika wanyama huongezeka na kurudi kwenye njia zao za zamani kuelekea mtoni. Vibanja vilivyo karibu zaidi na mpaka, vile vilivyo ndani ya mita 500, ndivyo wanavyovifikia kwanza.